Nani Ameituma Radi?



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wetu wote, baadhi yenu mtashangaa kuona tafakari ya juma hili ikianzia katika uwanja wa gofu. Kwa wengi wetu mchezo huo ni wa watu wenye nafasi zao, na wapo Wakristo wa mji huu ambao wamepita kando ya viwanja vya Gymkhana maisha yao yote, wakienda sokoni, shuleni au Misani, bila kuingia ndani hata mara moja. Hata hivyo uwanja ule umelala miguuni pa milima yetu wenyewe, na mvua inayounyeshea ndiyo hiyo hiyo inayoinyeshea migomba na mashamba ya mboga kule juu. Na yale yanayotokea pale siku ya hali mbaya ya hewa yanagusa jambo ambalo limetusumbua kwa muda mrefu katika vigango vya mlimani, na ambalo tumekuwa tukitafuta namna ya kulisema.

Gofu katika nchi yetu kwa miaka mingi ilikuwa hasa mchezo wa ridhaa. Jirani zetu wa Kenya walitutangulia mbali, kwani mashindano yao ya Kenya Open yalianza mwaka 1967, Mhispania Seve Ballesteros aliyashinda mwaka 1978 akiwa bado kijana, na tangu mwaka 2019 yamo katika ratiba kuu ya wachezaji wa kulipwa wa Ulaya. Kwetu, mwaka 2024 yalianzishwa mashindano ya Lina PG Tour, kwa kumkumbuka marehemu Lina Nkya, mwanamama aliyeupenda na kuucheza mchezo huo, nayo yakazunguka kutoka mkoa hadi mkoa, hata wachezaji wa kulipwa wakafika kushindana hapa Morogoro. Ndivyo watu wa kawaida wa mji huu walivyoanza kuona kwa macho yao mtu ambaye kupiga kampira kadogo ndiyo kazi inayomlisha yeye na watoto wake.

Kutazama gofu si sawa na kutazama kandanda pale Uwanja wa Jamhuri. Hakuna jukwaa. Mtazamaji humchagua mchezaji wake na kumfuata kwa miguu, shimo baada ya shimo, mashimo 18, kwa muda wa saa nne au zaidi, katika nyasi, kwenye mteremko na vichakani. Hapigi kelele wala vuvuzela. Mchezaji anapoinua fimbo, kila mtu hunyamaza, hata muuza karanga huacha kuita. Baada ya shimo la tano au la sita mtazamaji huanza kumjua yule anayemfuata: anavyopumua kabla ya kupiga, anavyomtazama kijana anayembebea mfuko, anavyouficha uso wake mpira unapopotea. Ni namna ya kutazama inayokaribia kusindikiza.

Sasa mvua ije. Wenyeji wa Morogoro hatuhitaji redio ili kujua habari zake, kwa maana tunao Lupanga. Wingu jeupe likikifunika kilele asubuhi, hilo ni jambo la kila siku. Lakini wingu likiwa jeusi, likaanza kushuka, na minara ya mawasiliano iliyo juu ya Bondwa ikatoweka machoni, akina mama huanua nguo bila kuambiana. Upande wa mashariki, kuelekea Kinole na Matombo, wanapata mvua nyingi kuliko sisi huku chini, lakini hiyo inayotufikia wakati wa masika hututosha. Tuliwahi kuwapo uwanjani siku moja ya namna hiyo, tukiwafuata wachezaji wa kulipwa, kwa mwaliko wa muumini mmoja ambaye mwanawe hubeba mifuko ya fimbo. Viatu vilijaa matope mekundu. Miavuli iliwaziba walio nyuma, wenye adabu wakaifunga na kulowa. Wale waliokuja kuonekana, pamoja na mashati yao mazuri, waliondoka baada ya dakika kumi. Wakabaki wazazi, wake, rafiki, na vijana ambao siku moja wanataka kuwa wao ndio wenye mfuko.

Katika hali hiyo kanuni za mchezo ule zina huruma isiyotarajiwa. Mpira ukidumbukia katika dimbwi lililoletwa na mvua, au ukizama katika shimo lililochimbwa na kishindo chake wenyewe kwenye matope, mchezaji anaruhusiwa kuuokota na kuuangusha mahali palipo afadhali, bila adhabu. Waandishi wa kanuni walitambua kwamba matope hayakuwa kosa lake. Tulitamani Mafarisayo wa zamani, na wa leo pia, wangepata nafasi ya kuzisoma.

Mvua peke yake haisimamishi mashindano upesi. Wachezaji huvaa makoti yao, hufuta fimbo kwa taulo, wakaendelea. Kinachowasimamisha mara moja ni radi. Hapo hupigwa king'ora, mlio mmoja mrefu, na kanuni haina mjadala: kila mchezaji aache palepale, hata kama amebakiza kusukuma mpira hatua moja ili ashinde. Atakayepiga baada ya mlio huo bila sababu ya haki huondolewa katika mashindano. Bingwa na mgeni wa mwisho katika orodha huondoka pamoja. Kwa nini ukali huo? Kwa sababu uwanja wa gofu ni mahali pa wazi, mtu aliyesimama katikati yake ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu, na mkononi ameshika chuma.

Lakini kanuni ile humfunga mchezaji. Mtazamaji husikia king'ora hicho hicho, kisha hujitafutia pa kwenda mwenyewe. Siku ile wengi walikimbilia chini ya mti mkubwa, kama sisi sote tulivyofundishwa na mvua tangu utoto. Wengine tulipata nafasi barazani, tukabanana: wabeba mifuko, mama mmoja muuza karanga, mabwana wawili wenye darubini, na padre. Ngurumo zilikuwa zikirudi kutoka mlimani mara mbilimbili. Ndipo yule mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayetaja bei ya karanga, kwamba kwao milimani radi ilipiga nyumba wakati wa masika, akafa baba wa watoto wanne, na kabla ya matanga kuisha jina la aliyeituma lilikuwa limekwisha kupatikana. Alikuwa bibi mmoja mjane. Sasa anaishi mjini kwa mjukuu wake, na shamba lake la migomba linalimwa na wengine. "Na wale watoto wanne?" tukamwuliza. Akafikiri kidogo, akasema hajui walipo.

Wapendwa, jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike juma hili. Jina la aliyeituma radi kijiji kizima kinalijua. Walipo watoto hakuna ajuaye.

Mchezo huu wa gofu una historia yake ndefu na radi, na yafaa tuisikie. Tarehe 27 Juni 1975, katika mashindano ya Western Open karibu na Chicago, nchini Marekani, wachezaji watatu walipigwa na radi siku moja: Lee Trevino, Jerry Heard na Bobby Nichols. Wote walipona. Trevino, mtoto wa ukoo maskini wa asili ya Meksiko aliyeanza kwa kubeba mifuko ya wengine, aliumia mgongo na kufanyiwa upasuaji, lakini hakuacha mzaha wake. Alikuwa akisema kwamba tangu hapo, mvua ya radi ikianza, atainua juu ile fimbo ya chuma namba moja, kwa kuwa hata Mungu haiwezi fimbo hiyo. Ni fimbo ngumu kuliko zote kuitumia, ndiyo maana wacheza gofu hucheka. Tunaamini Mwenyezi Mungu naye alimsamehe.

Mwaka 1991 haukuwa na mzaha. Alhamisi tarehe 13 Juni, siku ya kwanza ya mashindano makubwa ya U.S. Open katika uwanja wa Hazeltine, jimbo la Minnesota, dhoruba ilikuja, mchezo ukasimamishwa, na wanaume sita wakajibanza chini ya mti mmoja. Hawakuwa wachezaji, walikuwa watazamaji waliokuja kufurahi. Radi iliupiga mti ule. Sita walianguka, mmoja wao hakuinuka tena. Hazikupita siku 60, tarehe 8 Agosti, katika mashindano ya PGA Championship kwenye uwanja wa Crooked Stick, jimbo la Indiana, jambo lile likatokea tena. Mtazamaji mmoja, baba wa mabinti wawili, alisikia kwamba mchezo umesimamishwa, akafanya lililo jema, akaelekea penye gari lake. Radi ilimkuta akiwa njiani, katika eneo la kuegesha magari. Mji ambamo uwanja ule upo unaitwa Carmel, yaani Karmeli, jina la mlima ambao nabii Eliya aliinama juu yake akingoja wingu dogo lipande kutoka baharini.

Mashindano yaliendelea, na aliyeshinda Jumapili alikuwa mtu ambaye hata hakutakiwa kuwapo. John Daly alikuwa wa tisa katika orodha ya akiba. Wengine walijitoa mmoja baada ya mwingine, naye akaendesha gari usiku ili awahi, akacheza uwanja ambao hakuwahi kuufanyia mazoezi, akawashinda wote kwa mikwaju mitatu. Zawadi yake ilikuwa dola 230,000. Kutoka katika fedha hizo alitoa dola 30,000 kwa ajili ya elimu ya wale mabinti wawili. Daly si mtakatifu wa kuwekwa kwenye kalenda. Pombe, kamari na ndoa zilizovunjika ni habari ambazo ameziandika mwenyewe katika kitabu, na miaka iliyofuata ilimwona akianguka mara nyingi. Lakini fedha zile zilitunzwa, na mabinti wale walipokua ziliwasomesha hadi chuo kikuu.

Katika habari zote za siku zile kuhusu vifo vya watu wale wawili, watu waliuliza kwa nini hapakuwa na pa kujificha, nani alichelewa kuwaonya, na familia itaishije. Hakuna aliyeuliza radi ilitumwa na nani.

Tunajua vizuri jibu ambalo baadhi yenu mnalo mdomoni. Tumelisikia vigangoni, tena kutoka kwa watu wenye akili nzuri, hata kutoka kwa mwalimu mmoja wa sayansi. Mnasema: Padre, sisi si wajinga. Tunajua kwamba radi ni umeme unaoshuka kutoka mawinguni, kwamba unapenda kilicho kirefu. Lakini chini ya mti walikuwa watu sita. Kwa nini afe mmoja, tena yule? Elimu ya umeme inaeleza radi ilivyofika chini. Haielezi kwa nini ilimkuta huyu na si jirani yake. Hapo ndipo panapohitaji jina.

Hoja hiyo ni nzito kuliko wanavyodhani wanaoicheka, na hatuna nia ya kuicheka. Ni kweli elimu haisemi kwa nini yeye. Tena, hata Injili haisemi. Mwinjili Luka katika sura ya 13 anasimulia kwamba watu walimletea Bwana wetu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akawakumbusha ajali nyingine ambayo kila mtu wa Yerusalemu aliijua, ya mnara wa Siloamu ulioanguka na kuwaua watu 18. Akawauliza kama wanadhani wale walikuwa wakosefu kupita wengine wa mji ule, na akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Alipoona yule kipofu tangu kuzaliwa, wanafunzi walitaka jina la mkosaji, kama ni yeye au wazazi wake, naye akakataa kuwapa hata jina moja. Angalieni sana: Yeye aliyejua yote alikuwa na nafasi nzuri ya kueleza kwa nini mnara uliwaangukia wale 18 na si wengine. Hakueleza. Aliwageukia waulizaji na kuwaambia watubu wao wenyewe.

Basi swali la "kwa nini yeye" lina mahali pake wazi, kama kiti kisicho na mtu, na imani inatutaka tuvumilie kukiona kitupu. Dhambi inaanza pale tunaposhindwa kuvumilia tukamketisha bibi mjane.

Idadi ile ya Siloamu ilitujia akilini kwa uchungu tulipokumbuka ya Uganda. Tarehe 28 Juni 2011, katika Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, radi iliwaua wanafunzi 18 pamoja na mwalimu. Watoto 18, wakiwa shuleni. Na tarehe 10 Machi 2018, wilayani Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, radi ilipiga kanisa la ndugu zetu Wasabato siku yao ya Sabato, wakafa waumini 16. Walikuwa wanasali. Anayetaka kusema kwamba radi huwafuata wabaya, au kwamba hutumwa kwa waliokosana na jirani, na atueleze kwanza habari za watoto wale na waumini wale.

Tuongeze neno ambalo huenda litawaudhi wachache. Katika Uluguru ardhi hupita kwa ukoo wa mama, na mwanamke mzee mara nyingi ndiye anayeshika shamba ambalo wengine wanalitamani. Mashamba ya mteremkoni ni madogo, watu wanaongezeka. Hatusemi kwamba kila tuhuma ina shamba nyuma yake. Tunasema tu kwamba katika tuhuma tulizozifuatilia sisi, tulipouliza ni nani analima pale sasa, kimya kilikuwa kirefu. Sheria ya Uchawi ya nchi yetu, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inahesabu kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa ni kosa. Amri ya nane ya Mungu, inayokataza kumshuhudia jirani uongo, ni ya zamani kuliko sheria hiyo, na haihitaji polisi wa kupanda mlima.

Nasi Wakatoliki tusijione safi upesi. Katika Ulaya ya zamani makanisa yalipiga kengele wakati wa dhoruba yakiamini kwamba mlio uliobarikiwa huvunja radi. Wapiga kengele wengi walikufa, kwa sababu mnara ndio uliokuwa mrefu kuliko vyote kijijini na kamba ilikuwa imelowa. Ilichukua muda mrefu, hadi karne ya 18 ilipokuwa inakwisha, wakubwa kukataza desturi hiyo. Leo wapo kati yetu wanaoweka nyumbani matawi ya Dominika ya Matawi wakitumaini kwamba yatazuia radi, na wapo wanaomwomba Mtakatifu Barbara, ambaye tangu kale Wakristo wamemkimbilia katika hatari ya radi. Wekeni matawi, mwombeni Barbara, Kanisa halijawakataza. Ila tawi lililobarikiwa ni sala ya mtu anayejua kwamba hana nguvu. Likigeuka kuwa hirizi ya kumpiga aliyeituma, basi limerudi kulekule tulikotoka.

Kwa kuwa tumefika hapa, tuseme pia yale ambayo hayahitaji shahada ya teolojia. Mwanga wa radi hutufikia papo hapo, ila sauti huja polepole, ikichukua kama sekunde tatu kwa kila kilomita. Ukiona mmweko, hesabu. Usipofika 30 kabla ya ngurumo, ujue radi iko umbali unaoweza kukufikia, ingia ndani. Ndani maana yake ni nyumba yenye kuta na paa, au gari la bati lililofungwa madirisha. Kibanda cha makuti kisicho na kuta hakitoshi. Mti ni mahali pabaya kuliko pote, na mti ulio peke yake ni mbaya zaidi. Usisimame mahali pa wazi na jembe begani. Usibanane na wenzako, ili radi ikimwangusha mmoja abaki wa kumsaidia. Aliyepigwa na radi hana umeme uliobaki mwilini mwake, kwa hiyo msiogope kumshika. Wengi hufa kwa sababu moyo umesimama na waliokuwa karibu walikimbia, wakidhani wataambukizwa au watalaaniwa. Mkandamizeni kifua, mpulizieni pumzi, mpelekeni hospitali. Kisha ngojeni nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kurudi shambani au uwanjani. Walioandaa mashindano yale ya gofu walingoja hivyo, ingawa mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka juu ya Kola, na wachezaji wa kulipwa, ambao kila saa kwao ni fedha, walikaa wakingoja bila kunung'unika.

Makatekista wetu tumewaomba wayafundishe haya katika mafundisho ya Kipaimara, hasa hilo la mti, kwa sababu watoto wetu hushuka na kupanda mlima kila siku ya shule, na mvua huwakuta njiani.

Kuhusu walioachwa na waliofariki, tulizungumza na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo baada ya Misa ya pili Dominika iliyopita. Tuliwaomba jambo moja: msiba wa namna hii ukitokea, kiongozi wa jumuiya asingoje matanga yaishe. Siku ileile aandike majina ya watoto, umri wao, darasa walilomo, na nani atakayekaa nao, karatasi hiyo iletwe parokiani. Ikiwa katika kikao cha msiba mtu ataanza kutafuta jina la mtumaji, kiongozi aisome karatasi ile kwa sauti. Akina mama wa WAWATA wamekubali kuwa na mfuko mdogo wa sare na madaftari, nao tayari wameanza kuuliza huku na huku juu ya wale watoto wanne ambao mama muuza karanga hakujua walipo. Yule bibi mjane tumemtembelea. Anaitika salamu kwa Kiluguru, hataki kuzungumzia shamba, na ameomba apelekewe Komunyo nyumbani kwa kuwa miguu inamsumbua.

Limebaki suala la makanisa yetu ya vigangoni. Mengi yamejengwa juu ya kilima, yana paa la bati na msalaba wa chuma kileleni, na hayana chuma cha kukinga radi kilichounganishwa hadi ardhini. Tuliyoyasoma kuhusu Nyaruguru hayaturuhusu kuliacha hivyo. Halmashauri ya Walei inatafuta bei kutoka kwa fundi umeme anayeifahamu kazi hiyo, si wa kubahatisha. Mwenye kumjua fundi wa namna hiyo amtaarifu katibu wa Halmashauri kabla ya mvua za vuli kuanza.